Kitanda cha Bernadeta

Yaliyomkuta Mektilda, jirani yetu wa Ipuli, yalianza Alhamisi, saa moja na nusu jioni, umeme ulipokatika. Kesho yake alikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Nafasi ilibaki moja, na aliigombea na Bernadeta, aliyepanga naye chumba.

Akawa anajiuliza maswali kwa sauti gizani. Alipokwama, Bernadeta akamjibu kutoka kitandani kwake. Mektilda hakuwa amemsikia akirudi kutoka kwao Bukene.

"Hata hilo hujui? Utaua wagonjwa, shosti!"

Wakaendelea hivyo, huyu akiuliza, yule akijibu na kumcheka, mpaka simu ikaita.

"Shosti, ni mimi Bernadeta. Treni imekwama huku Bukene, lakini alfajiri napanda basi. Niombee kwa msimamizi wa mtihani anisubiri."

Kitanda kikalia, kama mtu anajigeuza.

"Mwambie asije," ikasema sauti ileile.

Mektilda hakulala. Kulipopambazuka, shuka la Bernadeta lilikuwa limetandikwa, halina hata kunyanzi moja. Akampigia Bernadeta simu, akamdanganya.

"Usihangaike kuja, mwenzangu. Mtihani umeahirishwa."

Kwenye simu Bernadeta alikuwa akilia kwa furaha. Aliyesema "Asante, shosti" alikuwa kitandani.