Ufunguo wa Simu ya Takiya

Alhamisi Takiya alimwoza binti yake, Afrah, mjini Ibb, Yemen. Alisimama mwenyewe kwenye mlango wa ukumbi wa wanawake, kapu mkononi. Kila mgeni alitia simu yake humo. Hata Hajja Sabria, mama wa bwana harusi, alipekuliwa pochi.

"Humu wanawake wamevua baibui," Takiya aliwaambia. "Picha hazitoki nje."

Simu moja tu ilipiga picha, nayo ilikuwa yake. Alijisifu kwa hilo siku tatu nzima.

Jumatatu simu ikagoma. Kila akitaka kupiga picha, inamwambia nafasi imejaa. Akamwita Ishraki, binti wa shemeji yake. Ishraki anaishi nyumba ya pili na hutengeneza simu za wanawake chumbani kwake.

Ishraki alibonyeza hapa na pale, kisha akamgeuzia Takiya kioo cha simu.

"Mama mdogo, picha zako zote zinajihifadhi kwenye mtandao. Hii akaunti ni ya nani?"

"Yangu. Alinifungulia yule kijana wa dukani siku niliyonunua simu. Neno la siri aliniandikia kwenye boksi."

"Basi na yeye analijua. Akitaka, anaingia kwa simu yake na kuona picha zako akiwa amekaa dukani."

Takiya akaikumbuka harusi. Wanawake arobaini walimwamini. Walicheza nywele wazi, na Afrah katikati yao.

Mumewe, Mukbil, alikuwa pembeni akipangusa bunduki yake. Akacheka.

"Mnajitia hofu bure. Silaha ni hii. Hiyo ni mashine ya porojo."

"Ami, ufunguo wa kabati la hiyo bunduki anao nani?" Ishraki akauliza.

"Mimi peke yangu! Hata mke wangu hajui ninapouweka."

"Na fundi aliyekuuzia kabati?"

"Ana wazimu gani wa kubaki na ufunguo wangu?"

"Wa simu ya mkeo anao muuzaji."

Mukbil aliweka kitambaa chini. Hakucheka tena.

"Ameziona?" Takiya akauliza.

Ishraki akafungua orodha ya simu zilizowahi kutumiwa kufungua ile akaunti. Zilikuwa mbili. "Hii yako. Hii nyingine ya dukani. Mara ya mwisho iliingia miezi miwili iliyopita, kabla ya harusi."

"Alhamdulillahi!" Takiya akaangua kilio pale pale.

"Usilie, tufanye kazi. Kijana yule si lazima awe mbaya. Anarahisisha kazi yake tu. Lakini mlango wako usimwachie mtu mwingine."

Kwanza Ishraki aliitoa simu ya dukani na kubadilisha neno la siri. Picha za harusi akazihamishia kwenye flashi, akampa Takiya. Kisha akazifuta kwenye akaunti, akafuta na kwenye pipa la taka.

"Ukifuta mara moja, zinabaki kwenye pipa," alieleza. "Lifungue, ulimwage."

Mwisho, kwa kuwa akaunti ile ilisajiliwa kwa namba ya duka, Takiya alifungua mpya, yake hasa, yenye namba yake ya simu.

"Neno la siri lisiwe jina la Afrah wala mwaka wa kuzaliwa," Ishraki alisema. "Na mtu akijaribu kuingia, utatumiwa namba ya kuthibitisha kwa ujumbe. Hiyo namba usimpe yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu."

Kazi ikaisha. Takiya angeweza kufunga mdomo. Nani angejua? Lakini duka lile liliuzia simu nusu ya mtaa. Usiri wake ungewaacha wenzake hatarini. Aibu ilimchoma, akaimeza, akaenda nyumba hadi nyumba kusema kilichotokea.

Wengine walimzomea. "Wewe mkaguzi mkuu! Simu zetu kapuni, yako ndiyo yenye tundu!"

Lakini walileta simu. Kati ya kumi na moja, tisa zilikuwa na akaunti zilizofunguliwa dukani. Ishraki alizidiwa, Takiya akawa anamsaidia.

Hajja Sabria alikuja wa mwisho. Takiya alimwogopa kuliko wote.

"Kwa hiyo ulinipekua pochi bure," alisema Hajja.

"Nisamehe, Hajja. Kosa ni langu."

Hajja alimtazama sana. Kisha akatoa simu yake.

"Akaunti ya hii alinifungulia kijana yule yule wa dukani. Ndani nina picha za wajukuu, na sijui niguse wapi. Nifundishe."

Takiya alimwonyesha pole pole, hatua kwa hatua. Walipofika kwenye neno la siri, Hajja akamsogezea simu.

"Niandikie wewe, mwanangu. Nakuamini."

"Hapana, Hajja," Takiya akasema. "Andika mwenyewe."

Akainuka, akampa mgongo, akangoja.