Redio Chini ya Kofia

Siku ya mechi, sisi watu wa Tlacolula, mji wa Meksiko, hufunga maduka mapema. Kila mtu hubeba kiti chake hadi uwanja wa mbele ya kanisa, kwenye skrini kubwa. Yaretzi, msichana wa miaka kumi na miwili, aliketi karibu na sufuria ya mahindi ya shangazi yake, Eulalia.

Chini ya kofia alificha redio ndogo, waya umeingia sikioni. Redio ilitangulia skrini kwa sekunde chache. Iliposema Meksiko imepata bao, Yaretzi alitangaza kwamba tunafunga sasa hivi. Tukafunga. Alipotabiri la pili, tulimhamishia mstari wa mbele tukamwita nabii. Kichwa kilimvimba, na sisi ndio tuliomvimbisha.

Kipindi cha pili rafiki yake Nayeli alifika na kiti chake. Wakati huohuo redio ikatangaza bao la wapinzani. Yaretzi hakutaka kupoteza sifa.

"Nayeli kaja na nuksi," alisema. "Tunafungwa."

Tukafungwa. Kwetu, siku ya mechi, nuksi haina mzaha. Don Hilario, kinyozi wetu, akamgeukia Nayeli. "Mwanangu, beba kiti chako, katazamie nyumbani."

Kwao hakuna televisheni, na Yaretzi alilijua hilo. Nayeli alimtazama rafiki yake, akangoja. Yaretzi akaikodolea macho skrini. Nayeli akabeba kiti, akaondoka akifuta macho.

Yaretzi hakuona tena mpira. Zikiwa zimebaki dakika kumi, alisimama mbele yetu, akavua kofia.

"Nayeli hana nuksi. Nilikuwa nasikia kwenye redio. Nimewadanganya."

"Kumbe nabii wa betri!" mtu akasema, watu wakacheka. Don Hilario hakucheka. Alimfuata Nayeli, akamwomba radhi, akarudi naye, amembebea kiti. Yaretzi naye akaomba msamaha. Nayeli akasogea, akamwachia nusu ya kiti.

Hata hawajakaa vizuri, wapinzani wakasawazisha. Uwanja mzima ukamgeukia Nayeli. Don Hilario akafungua mdomo, akaufunga, akang'ata hindi lake.

Shangazi Eulalia aliichukua ile redio. "Uongo ulikupa kiti cha mbele," alimwambia Yaretzi, "lakini ulimnyang'anya mwenzako chake. Siku nyingine ukijua jambo, sema umelijuaje."