Boliti Iliyoshika Kutu

Mvuke ulifoka chini ya boneti karibu na soko la Kakamega, na Khalayi akaegesha gari huku honi za bodaboda zikimkemea. Alikuwa ametoka harusini peke yake. Gauni la kijani lilimkaa vizuri, na siku nzima hapakuwa na mtu wa kumwambia.

"Zima injini. Na usifungue rejeta, itakuchoma."

Aliijua sauti kabla hajageuka. Khisa, ovaroli imejaa grisi, alikuwa amevuka barabara kutoka gereji yake. Hawakuwa wameonana tangu Khalayi ahamie Kitale.

Khisa akachungulia. "Pampu ya maji imekufa. Ilikuwa inalia, hukusikia?"

"Niliongeza sauti ya redio."

"Bado ni wewe yule yule," akacheka kidogo.

Wakasukuma gari hadi gereji, Khisa akaleta pampu mpya kutoka duka la vipuri. Boliti zilitoka moja moja, isipokuwa ya mwisho. Kutu ilikuwa imeishika.

"Vuta kwa nguvu basi," Khalayi akasema.

"Ikikatikia ndani, utalala hapa."

Akaidondoshea mafuta, akaigongagonga taratibu kwa nyundo, kisha wakakaa kwenye benchi kungoja mafuta yapenye. Simu ya Khalayi ikalia.

"Bado, Mama. Gari imeharibika. Niko na fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi tu, Mama."

Khisa aliendelea kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. "Fundi tu," akasema polepole.

"Ulitaka nimwambie nini? Nilipokuambia nimepata kazi Kitale, ulisema 'sawa'. Nikafunganya vitu."

"Nilidhani ukitaka nikufuate, utasema."

"Na mimi nilikuwa nangoja useme nisiende."

Hawakutazamana. Khalayi hakumwambia kwamba huko Kitale huwasha runinga asiyoitazama, ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Khisa akarudi kwenye boliti. Akaikaza kidogo, akailegeza, akaikaza tena, mpaka ikatoa mlio mkali na kuanza kuzunguka. Alifunga pampu mpya, akajaza maji, injini ikanguruma bila mvuke.

Khalayi alipoketi kwenye usukani, Khisa alishika mlango.

"Mimi hukaa peke yangu, Khalayi. Sijazoea."

"Mimi nimezoea," akasema. Akawasha redio, akaizima. Kisha akaongeza: "Jumapili njoo Kitale, nyumba ya mwisho nyuma ya soko. Usipige simu kwanza. Ukipiga, nitajifanya niko bize."

"Na nikikukosa?"

"Ngoja mlangoni."

Jumapili mvua ilianza Kitale asubuhi na haikukatika. Khalayi alivaa, akavua, akavaa nguo nyingine. Chakula cha mchana kilipoa mezani. Alikuwa ameanza kukiondoa aliposikia hodi.

Khisa alisimama kibarazani, shati jeupe limemganda mwilini kwa maji, kuku amembana kwapani.

"Hii ingokho imenisumbua njia yote," akasema.

Khalayi akampokea kuku, kisha akasogea kando ili apite.