Kipima-Hewa Nyuma ya Hamamu

Hamamu ya Mzee Kubat ilifungwa na serikali siku ya wanaume, wanaume wakiwa ndani, wote kama walivyozaliwa.

— Tokeni, — alisema ofisa wa mazingira kutoka mlangoni, kofia ya manyoya kichwani, barakoa puani. — Jengo limefungwa.

— Mwanangu, nina sabuni machoni, — ilijibu sauti kutoka kwenye mvuke.

— Toka na sabuni yako.

Wakatoka. Theluji ilikuwa imefika magotini, na mtaa mzima wa Jany-Bulak, pembezoni mwa Bishkek, ukapata heshima ya kuwaona wazee wake, akiwemo mwalimu mkuu mstaafu, wakikimbilia makwao wamejifunga taulo, mvuke ukiwafuka mabegani kama manti, sambusa za mvuke, zilizotolewa jikoni sasa hivi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Meerim hakucheka. Hamamu ile ndiyo iliyomlea na kumsomesha, na ofisa alikuwa anabandika karatasi ya muhuri mlangoni kwa utulivu wa mtu anayebandika tangazo la msiba.

— Kwa kosa gani? — aliuliza baba yake, Mzee Kubat, shoka la kupasulia kuni bado mkononi.

— Weka shoka chini kwanza, mzee.

— Shoka halijakuuliza kitu. Nimekuuliza mimi.

— Ramani ya chuo kikuu inasema hewa ya mtaa huu ni chafu kuliko yote mjini. Tumekuja kutafuta chanzo. Bomba la moshi refu kuliko yote ni lako.

— Ramani ya nani?

— Ya hao wanafunzi wanaolipwa kupima hewa. — Ofisa akamwelekeza Meerim kwa kidevu. — Si na binti yako yumo?

Mzee Kubat akamtazama bintiye. Akaliegemeza shoka ukutani, akaingia ndani. Afadhali angemtukana.

Ni kweli, alikuwamo. Chuoni kwao kulikuwa na maabara ya teknolojia kwa manufaa ya umma, jina refu kuliko chumba chenyewe. Maabara iliwapa wanafunzi posho ya kila mwezi watundike vipima-hewa, vidude vyenye ukubwa wa kopo la chakula cha shule, kwenye mitaa inayochoma makaa ya mawe. Vidude vikituma namba, ramani inachorwa, na manispaa inajua ipeleke wapi kwanza bomba la gesi. Sheria ya Daktari Venera, mkuu wa utafiti, ilikuwa moja: hakuna anayepima mtaa wake mwenyewe. Kwa hiyo Meerim alipima mtaa wa mbali, na Jany-Bulak akapewa Ulan.

Ndivyo Ulan alivyoingia mtaani, kijana mwenye kope ndefu na viatu visivyojua tope. Alikuja kutundika kidude ukutani mwa shule, akampenda Meerim kabla hajapata nyundo. Tangu hapo kila Alhamisi alikuja "kukagua kifaa", kisha akapita hamamu kuoga. Katika jamhuri nzima hakukuwa na mwanafunzi msafi kama yule. Mzee Kubat alimpenda. Meerim alimpenda zaidi, bila kumwambia mtu, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua.

Alhamisi hii Ulan hakuonekana. Jioni Meerim akampigia simu.

— Ulan, wametufungia.

— Nimesikia, roho yangu.

— Kesho twende kwa Daktari Venera. Kuna kosa kwenye zile namba. Shule iko huko mwisho wa mtaa, moshi wetu haufiki kule kwa wingi huo.

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa.

— Ulan?

— Nipo. Tusikurupuke. Mambo ya serikali ni supu ya moto, hulambwa pembeni.

— Baba hajala tangu asubuhi. Anadhani nimemchongea.

— Atakula Jumapili. — Ulan akakohoa. — Nilitaka kukwambia kwa namna nyingine. Mama anakuja kwenu Jumapili. Anakuja na hereni.

Meerim akakaa kitandani. Mama wa kijana akikuvika hereni kwa mkono wake mbele ya watu, umeshachumbiwa. Mengine ni kondoo wa kuchinja. Mapenzi ni mwizi, humwibia mtu hata msiba wake. Usiku ule Meerim alilala akitabasamu chini ya paa la mtu aliyefilisiwa.

Jumamosi alichukua koleo akaondoe theluji nyuma ya hamamu, wageni wasije wakateleza. Chini ya bomba la moshi, palipo na masizi, taa ndogo ya kijani ilikuwa inakonyeza. Akafuta theluji kwa mkono. Kopo jeupe. Waya wake ulipita dirishani ukaingia kwenye soketi ya hamamu.

Akampigia Ulan. Hakumwambia kwa nini. Alimwambia tu, "Njoo."

— Hiki ni nini? — alimuuliza alipofika.

— Kipima-hewa.

— Najua, ninavyo begi zima. Kinafanya nini chini ya bomba la baba yangu?

Ulan akavitazama viatu vyake.

— Shule ilikataa kutoa umeme. Hapa palikuwa na soketi.

— Maabarani uliandika ukuta wa shule.

— Nilitaka kukihamisha. Kweli. Halafu nikakuona unaanika taulo. Kutoka shuleni huonekani, Meerim.

— Kwa hiyo umepima bomba la moshi majira yote ya baridi, ukasema ni hewa ya mtaa.

— Mimi nilikuwa napima... — Akauona uso wake, akalimeza neno tamu alilokuwa amelitayarisha.

— Twende ukamwambie Daktari Venera.

— Atanifukuza. Barua yangu ya kwenda Ujerumani anaiandika yeye. Na safari ile si yangu peke yangu. Tukioana tunakwenda wote, tunamtumia baba yako pesa, ana haja gani tena ya kuhangaika na makaa?

— Baba yangu hataki pesa ya Ujerumani. Anataka mlango wake.

— Na majirani wanataka nini? — Sauti ya Ulan ikapata nguvu. — Kwa namba hizo mtaa wenu umewekwa wa kwanza kupata gesi. Wa kwanza mjini. Ukifungua mdomo mnarudishwa nyuma ya wote. Jirani yenu Bi Burul anachoma makoti ya marehemu mumewe apate joto. Mpelekee yeye huo ukweli wako, uone kama unawaka.

Hapo alimpata. Meerim alitazama ng'ambo, kwenye paa la Bi Burul, ambako moshi mweusi wa sufu ulikuwa unapanda kama roho isiyotaka kuondoka.

— Hamamu imezimwa, — alisema polepole. — Sasa kidude chako kitasema mtaa umepona. Watasema walifanya vizuri kumfunga baba. Hawataufungua ule mlango, Ulan. Kamwe.

— Nipe mpaka baada ya Jumapili. Hereni kwanza, halafu nitasema. Naapa.

— Unaapa kwa nini?

— Kwa penzi letu.

— Apa kwa kitu kizito.

Jumapili asubuhi ujumbe ukaingia: "Vaa lile gauni la bluu. Mama ana hereni za dhahabu. Usiiharibu siku, roho yangu."

Akajibu: "Umeshamwambia Daktari Venera?"

Ulan akatuma mioyo mitatu. Meerim aliifungua yote kwa macho, mmoja mmoja, jibu halikuwamo.

Wageni wakaja na vifurushi, vicheko na theluji miguuni. Boorsok za kukaanga zilirundikwa mezani kama maandazi ya harusi ya sultani, kondoo akaletwa amelala juu ya sinia, na mwalimu mkuu mstaafu, safari hii akiwa amevaa nguo, akapewa nafasi ya heshima.

— Binti mwembamba, — alisema Mama Ulan, akimfinya Meerim shavu. — Haidhuru. Nyama yetu itamrekebisha.

— Mwili ndio mwembamba, — alisema Bi Burul, akijaza chai. — Ulimi haujakonda.

— Ningewakaribisha muoge, — alisema Mzee Kubat, — ila serikali imetangulia.

Watu wakacheka kwa huruma.

— Usijali, Kubat, — alisema Bi Burul. — Gesi inakuja. Mimi nimeshachagua pa kuweka jiko. Makoti yaliyobaki nitayavaa, kama binadamu.

Meerim akainamisha kichwa. Alikuwa amevua hereni zake za fedha tangu asubuhi. Mama Ulan akapiga bismillahi, akamsogezea nywele, akamvika hereni ya kulia. Dhahabu ilikuwa ya baridi. Wanawake wakashangilia. Mkono ukahamia sikio la kushoto, ukakuta Meerim ameliziba kwa kiganja.

— Mama, nisubiri kidogo. Ulan ana neno kwa baba yangu.

— Neno litasubiri hereni.

— Hereni itasubiri neno.

Ulan alikuwa amekaa karibu na mlango, boorsok mkononi.

— Meerim, — alisema kwa sauti ya chini, — si hapa.

— Wapi basi? Nyuma ya hamamu?

Ulan akamtazama mama yake. Akamtazama Mzee Kubat. Akaitazama ile boorsok kwa muda mrefu, kama mtu anayetegemea maandazi yamshauri.

— Sina neno, — alisema mwishowe. — Msimjali. Amechoka tu, tangu hamamu ifungwe halali vizuri.

Meerim akasubiri kidogo zaidi, kwa sababu alimpenda, na anayependa husubiri hata baada ya jibu. Kisha akasema yeye. Alisema soketi, waya, bomba, ukuta wa shule ulioandikwa bila kifaa kuwapo. Hakulia. Alisoma mashtaka kama kiranja mbele ya mstari.

Mzee Kubat akaweka bakuli la chai chini.

— Ni kweli, kijana?

— Mzee, mimi nilikuwa nampenda binti yako.

— Sikukuuliza hilo.

Ulan akairudisha boorsok sahanini.

— Na gesi? — Sauti ilitoka upande wa birika. Bi Burul alikuwa bado ameshika kishikio. — Meerim. Na gesi yetu?

— Tutarudi kwenye foleni, shangazi.

— Ungengoja wachimbe kwanza.

— Shangazi, baba...

— Ungengoja wachimbe tu, mtoto wewe. Bomba likishafukiwa nani angelifukua?

Mama Ulan akanyoosha kiganja.

— Nipe changu.

Meerim akaivua mwenyewe. Kulabu yake ilinasa sikioni, ikachelewa kutoka, na katika kuchelewa huko watu wote walipata nafasi ya kutazama.

— Huyu hatapata mtu, — alisema Mama Ulan akifunga mkoba.

— Mlango unafungukia nje, — alimjibu Mzee Kubat. — Sukuma.

Walipobaki wawili na kondoo mzima asiyeliwa, baba akasema:

— Nilidhani ni wewe.

— Najua.

— Ungeniambia jana.

— Jana bado nilikuwa nachumbiwa, baba.

Jumatatu akaingia kwa Daktari Venera, kidude kwapani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

— Wewe na Ulan mlikuwa wapenzi?

— Ndiyo.

— Basi siwezi kubaki na yeyote kati yenu. Utafiti lazima uwe safi, na uonekane safi.

— Mimi ndiye niliyekuletea habari.

— Na nakushukuru, Meerim. Acha begi la vifaa hapo mlangoni.

— Na mtaa wetu?

— Tutaupima upya. Majira ya baridi yajayo.

Maabara ikaandika kwa manispaa, muhuri ukabanduliwa, Jany-Bulak ikafutwa kileleni mwa orodha ya gesi. Ulan akaenda Ujerumani vilevile. Watu wenye kope ndefu hawakosi wa kuwaandikia barua. Kutoka huko alituma ujumbe mmoja: "Ningesema baada ya hereni. Wallahi ningesema."

Meerim aliusoma mara nyingi. Ubaya wake ni kwamba alimwamini. Hakumjibu.

Hamamu ikafunguliwa, na hakuna aliyekuja. Mzee Kubat aliwasha moto kila siku kama kawaida, mvuke ukaoga peke yake. Majirani walibeba mabeseni yao wakavuka theluji mpaka mtaa wa pili, wakipita mbele ya dirisha polepole kusudi waonekane. Meerim alikaa mlangoni na taulo alizozikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

Siku moja ya wanawake mlango ukasukumwa. Bi Burul aliingia, beseni kiunoni, masizi kwenye kope, akinuka sufu iliyoungua.

— Maji yapo?

— Yapo, shangazi. Ya moto. Karibu.

— Usinikaribishe. Nipe taulo.

Meerim akamtolea iliyo mpya. Bi Burul akaipindua, akaikagua pande zote mbili, akaitundika begani. Akafungua kilemba, akavua viatu, akafika mlango wa mvuke, akasimama akiwa amempa mgongo.

— Nimekuja kuoga, — alisema. — Kusamehe sijaja.

Akaingia, akaurudisha mlango.