Sikio la Winifrida

Shati la Mwalimu Melkiadi lilikuwa limelowa kifuani. Alikuwa amejilaza kwenye kochi alasiri, nyumbani kwake Kibondo, na alipoamka akakuta doa la baridi upande wa kushoto, dogo, la ukubwa wa sikio la mtu.

"Ernesta, umenimwagia maji?"

"Hapana, baba." Binti yake aliinama akalinusa, kisha akarudi nyuma. Doa lilinuka udongo mbichi na sabuni ya mawese. Mama yake Ernesta, Winifrida, mke wa mwalimu, aliogea sabuni hiyo maisha yake yote, na sasa alikuwa na wiki ya sita kaburini.

Kwa miaka minne mwalimu alikuwa akiishi kwa pampu. Moyo wake ulipochoka kabisa, madaktari wa India waliipandikiza humo, ikawa inasukuma damu kwa nguvu ya betri alizovaa ubavuni. Damu ilipita mfululizo, hivyo ukimshika mkono hukuti mapigo. Ukiweka sikio kifuani unasikia mvumo tu, kama mzinga wa nyuki. Mwanzoni Winifrida aliuogopa, baadaye akawa hapati usingizi bila kuusikia. "Nikiusikia najua upo," alikuwa akisema.

Kisha damu ikaganda ndani ya pampu, na mvumo ukaanza kukwaruza. Ernesta akampeleka baba yake India ikabadilishwe. Siku ileile ya upasuaji presha ilimpanda Winifrida, akaanguka jikoni, akafa. Ndugu walimficha mwalimu mpaka kidonda kilipokauka. Alirudi na pampu mpya ya aina nyingine, yenye mvumo wa chini unaokatika kila baada ya kitambo, akaonyeshwa kaburi lililokwisha kuota majani.

Baada ya lile doa, jirani yao Mpawenimana alikuja kusaidia kuchambua maharage. Ghafla aliutupa chini ungo, akashika kifua. "Kuna kichwa cha mtu hapa! Cha baridi!" Akakimbia, na hakurudi tena.

Halafu ikawa zamu ya Ernesta, kila siku jua likizama, akiwa jikoni au akianua nguo, harufu ya udongo ilimjia kwanza, kisha nyayo zilizolowa zikiburuzika sakafuni bila mtu juu yake, kisha sikio la baridi likamkandamiza kifuani na kusikiliza, likasikiliza mpaka moyo wake wenyewe ukaanza kusitasita, na sauti aliyoijua tangu utotoni ikanong'ona kwa Kiha, "Si we." Si yeye.

Siku ya nne hakuweza kuinuka kitandani.

Mwalimu alikuwa Mkatoliki, lakini alimpigia simu Mwamvua, mganga wa majini wa Kasulu. Mwamvua alifika, akafukiza ubani.

"Ni mkeo, mwalimu. Waliokufa hawaoni, wanasikia tu. Anautafuta ule mvumo wa zamani. Asipoupata, atausikiliza moyo wa huyu binti mpaka usimame."

"Nitamwambia nipo. Ni mimi."

"Jaribu," alisema Mwamvua kwa huruma.

Jua lilipozama harufu ikaingia. Mwalimu akafungua vifungo vya shati. "Wini, mke wangu. Njoo usikilize. Ni mimi."

Sikio likamgusa kifuani. Akafumba macho, alihisi hata nywele za mkewe. Likasikiliza, kisha likajitoa kwa kishindo.

"Jini wewe," sauti ilinong'ona ikitetemeka. "Sauti ya mume wangu umeitoa wapi? Umempeleka wapi?"

"Wini, walinibadilishia mashine tu..."

"Muongo! Yuko wapi Melkiadi?"

Chumbani Ernesta akaanza kukoroma kama mtu anayezama. Mwamvua akamshika mwalimu bega. "Ataondoka akijua hana wa kumtafuta. Wewe tu ndiye wa kumwambia."

Mwalimu alimtazama binti yake, midomo yake imegeuka rangi. Kisha akaigeukia ile sauti.

"Kweli, mama. Mimi ni jini. Mumeo alifia India. Alikufa akikuita."

Kilio kikapanda, kilio cha mjane, kikazunguka nyumba, kikapita shambani, kikashuka bondeni kuelekea makaburini, na mwalimu akasimama mlangoni, kiganja kinywani ili asije akamwita, mpaka kilio kikapotea.

Ernesta alipona. Baada ya wiki mbili daktari alipiga simu kutoka India, naye Ernesta akamfasiria baba yake, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Anasema vipimo ni vizuri sana, baba. Hii mashine mpya ni imara. Unaweza kuishi nayo miaka mingi."

Mwalimu alipapasa shati lake upande wa kushoto, palipokuwa na lile doa.

"Muulize," alisema, "mingapi."