Délice na Kitufe cha Redio

Kila asubuhi Capitoline alitandaza ndagala, samaki wadogo wa kukausha, mbele ya nyumba yake, kando ya mto Mulongwe. Mawingu yalipofunika milima, aliwapigia simu watu wa kule juu kuuliza kama mto umejaa. Lakini mwaka jana mvua ilikata mtandao. Simu haikuita. Maji yalimkuta jikoni, yakamfika kifuani.

Ndiyo sababu binti yake Délice aliingia klabu ya redio ya chuo kikuu. Olga, kiongozi wa klabu, alimpa redio ya mkono, ya kuongea bila mtandao wa simu.

"Ruhusa ya serikali iko ya klabu," alisema. "Mpaka ufaulu mtihani, utasema mbele yangu tu. Sikiliza kwanza. Hakuna mtu anasema? Taja jina la kituo chetu. Kisha umwite Emery, mwenzetu wa kule milimani."

Délice akashika kitufe, akataja kituo. "Emery! Jambo sana! Umeamka aje? Bibi iko muzima? Watoto? Ng'ombe? Mashamba? Na baba mukwe..."

"Weye!" Olga alicheka. "Utamusalimia hata mbuzi?"

"Yaya Olga, kumusalimia muntu nusu ni kumudharau."

"Sikia. Ukishika kitufe, unasema, lakini husikii kitu. Kama sasa anaita kusema mto umejaa?"

Délice alimwona akilini mama yake ndani ya maji. Akaachia kitufe.

"...naita tangu mbele, husikii!" sauti ya Emery ikatoka. "Huku kuko muzuri. Na nyinyi?"

Délice alifanya mazoezi, akafaulu mtihani. Mchana mmoja mvua ikashika milima. Mtandao ukakatika tena. Délice alisikiliza, akataja kituo.

"Emery, mto uko aje? Nakuachia nafasi."

"Umejaa sana! Unateremuka kwenu. Watu watoke!"

"Nimepata: mto umejaa, watu watoke."

Akakimbia nyumbani na redio mkononi. Mama yake alikuwa mlangoni, akaanza salamu. "Karibu, mama yangu! Umeshinda aje? Na masomo..."

"Mama, toka! Salamu tutapeana kule juu, kanisani!"

Wakagonga mlango kwa mlango, na majirani wakapanda nao. Maji yalipofika, yalichukua ndagala na meza. Mtu hayakumkuta.

Kanisani, Capitoline aliomba redio. Délice akasimama karibu naye.

"Emery, mwanangu, ni minye, mama Délice. Tuko wazima wote. Aksanti."

Alitamani kuuliza habari za bibi, za watoto, za ng'ombe. Badala yake akaachia kitufe, akasikiliza.