Mgeni Asiyesindikizwa

"Nani anakaanga kahawa?" Ramlah aliuliza, akivua hedifoni.

Hakuna aliyekuwa akikaanga kahawa. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Mpumudde, mjini Jinja, kuta zimefunikwa mablanketi na trei za mayai, na jirani mwenye jiko alikuwa kanisani. Dada yake, Hajara, naye aliisikia harufu ile ya buni zinazoanza kuungua. Akajifanya hakuisikia, maana alijua wimbo waliotoka kuurekodi ni wa nani.

Ulikuwa wa bibi yao, Haboba Zahra, kama Wanubi wanavyomwita bibi. Siku za Alhamisi wanawake walikusanyika kwake Nalufenya, wakapiga ngoma na kumwita mgeni wao kwa wimbo. Mgeni mwenyewe haonekani, bali humpanda mtu kichwani. Walimpa kiti, wakampa kahawa, kisha wakamwimbia kwaheri mpaka mlangoni. Hajara aliukariri wote utotoni, kajificha nyuma ya pazia. Sasa kundi lao, Sauti za Daraja, lilikuwa linatoa albamu ya kwanza, na wimbo huo ndio uliofunga kanda.

Shida ni kwamba kanda ilijaa. Otim, mpiga gitaa ambaye ndiye pia aliyeshika mitambo, alikuwa ameteremsha sauti polepole huku wasichana wakirudia *karibu mgeni, karibu ndani*, mpaka pakawa kimya.

"Haijaisha," Hajara alimwambia. "Kuna sehemu ya kumuaga."

"Dada, wimbo ya siku hizi haiishi. Inapotea tu pole pole. Watu wanapenda hivyo."

Hajara akauacha hivyohivyo. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye: mwisho wa wimbo aliujua neno kwa neno, lakini alitaka sana kanda itoke kabla ya Idi.

Na watu wakapenda kweli. Mwaka ule wa tisini na sita ungepita mtaa gani wa Jinja usiusikie? Mtangazaji mmoja wa redio alisema sauti ile inapofifia mtu hujikuta ameinamia spika, anataka kuifuata. Gazeti moja liliandika kwa kejeli kwamba albamu ina wimbo mmoja na vijazio vyake, na hata hilo likauza kanda. Kutoka Mbale, Wanyama, mchuuzi aliyewauzia kanda karibu na mnara wa saa, alipiga simu akicheka. Wateja wake walirudisha kanda kwa kalamu ya Biki ili kuokoa betri, wakacheza ule wa mwisho tu, asubuhi mpaka jioni.

Siku mambo yalipoanza, Ramlah alikuwa sokoni na Hajara, anachagua nyanya. Redio ya duka ikaanza kuucheza wimbo ule. Akaweka nyanya chini, akakaa juu ya gunia, mgongo umenyooka, mkono wa kulia mbele, vidole vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika kikombe. Wimbo ulipofifia aliendelea kukaa hivyohivyo. Harufu ya kahawa ikajaa palipokuwa na samaki tu.

"Mimi naitwa, mimi nakuja," alisema, na sauti ilikuwa ya mwanamume mzee, Kiswahili cha kambi ya askari, cha amri. "Kiti hapana. Kahawa hapana. Nyinyi nafanya mchezo na mimi?"

Hajara aliogopa. Akamburuta mdogo wake hadi nyumbani kwa bibi.

Haboba alikaanga buni, akatwanga na tangawizi, akampa mgeni kikombe, akamwimbia kwaheri yote. Ramlah akapiga chafya, akaomba chakula, na Hajara akalia kwa furaha. Hajamaliza kufuta machozi, jirani wa nyuma ya ukuta akawasha redio.

"Mimi naitwa," Ramlah alisema, chakula kikiwa bado mdomoni.

"Haboba, hiyo ni kanda tu," Hajara alinong'ona.

"Yeye anajua kanda ni nini? Kila mahali anaitwa, na hakuna mtu wa kumsindikiza. Atachoka, binti yangu. Akichoka kwenda na kurudi, atahamia."

Mgeni akaanza kuhamia kweli. Ramlah akawa mzee kwa nusu siku, kisha kwa siku nzima, hakula, hakumjua dada yake. Basi Hajara akaamua: kwenye onyesho la Mbale, mbele ya watu waliomwita kuliko wote, ataimba wimbo mpaka mwisho, Otim arekodi, na redio icheze huo mpya. Otim hakubisha. Alikuwa ameacha kunywa kahawa.

Jumapili ile alasiri ukumbi ulifurika hadi madirishani. Ramlah aliketishwa jukwaani kwenye kiti chenye mto, na Hajara alikuwa na chupa ya kahawa ya Haboba na kikombe. Alimpa, mzee akanywa polepole, akamrudishia kikombe, na Hajara akaanza kuimba, na ukumbi ukaimba naye *karibu mgeni, karibu ndani*, na alipofika kwenye kwaheri akapaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo, lakini watu hawakuijua kwaheri, hawakuwahi kuisikia, walijua kanda, wakarudia *karibu ndani*, wakairudia chini kidogo, wakairudia chini zaidi, wakipunguza sauti wote kwa pamoja kama Otim alivyoipunguza siku ile, huku Hajara akiimba mwisho peke yake juu yao, machozi yakimtoka, mpaka ukumbi mzima ukawa kimya.

Ramlah akamvuta nguo. Macho yalikuwa yake, na sauti ilikuwa yake.

"Dada," alisema, "nani anakaanga kahawa?"

Hajara akamkumbatia, akamshukuru Mungu. Amepona, mdogo wake amepona. Kisha harufu ikamfikia, nzito, kutoka chini ya jukwaa. Akageuka. Wanyama, mstari wa mbele, alikuwa amenyoosha mgongo. Msichana aliyekaa kando yake pia, na waliokuwa nyuma yao, na wale wa madirishani. Mikono ya kulia ilinyooshwa mbele, ukumbi mzima, vidole vimekunjwa, wanangoja.

Hajara alikuwa amekuja na kikombe kimoja.